Soda ya Mjapani Nimeshaimeza

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimemtoa mjukuu wangu kwa chupa moja ya soda. Naandika hivyo hivyo, sifichi. Herufi zinapanda mlima. Mwalimu wetu wa elimu ya watu wazima kule makazi ya wakimbizi ya Mishamo alikuwa ananigombeza kwa herufi zangu. Angeona za leo angelia.

Ilikuwa hivi. Narudi kutoka kupalilia maharage, jua limenipiga, koo limekauka kama gunia. Nakuta pikipiki uani. Watu wawili wamekaa kwenye benchi langu bila kukaribishwa. Mmoja ni Audace, yule golikipa mrefu kama mnara wa simu, mtoto wa Mishamo asiye na baba wala mjomba. Wa pili ni Mjapani. Mjapani mwenyewe! Reji, anayechezea timu ya Viboko wa Katavi pale mjini Mpanda. Watoto wote wa Kabungu wanamwita Kiberenge kwa sababu ni mfupi na anakimbia pembeni mwa uwanja kama yuko juu ya reli. Joséline, mjukuu wangu, ndiye anayewapikia kambini kwa timu, ndiyo maana wanamjua.

Na mbele yao, kreti la soda. Limejaa. Chupa zinatoa jasho la baridi.

Audace akakohoa. Akasema wamepotelewa na ndama, wamefuata nyayo tangu asubuhi, na nyayo zimeishia kwenye mlango wangu. Mjapani kimya. Anaangalia vidole vyake vya miguu. Sikio limekuwa jekundu.

Mtu wa kwetu haambiwi mara mbili. Hayo ni maneno ya posa. Na kwa desturi tuliyotoka nayo Burundi, mwenye kuoa hasemi. Anakaa, anaangalia chini, anatoka jasho. Msemaji wake ndiye anayeongea. Zamani ilikuwa pombe ya ndizi. Sisi tuliookoka tumeiacha, soda imekalia kiti chake, lakini sheria ni ile ile. Humtaki mkwe, huigusi. Unaiacha na kizibo chake, wageni wanaelewa, wanabeba, wanaondoka. Ukiifungua ukaimeza mbele ya shahidi, basi. Binti amekwenda.

Mimi hayo nayajua kuliko mtu yeyote hapa Kabungu. Wanakuja kuniuliza! Lakini Audace alipofika kwenye nyayo, chupa ilikuwa tayari mdomoni. Ilikuwa baridi, mimi nifanyeje? Nikamwambia ngoja nimeze kwanza.

Nikameza.

Na shahidi? Vénérande, jirani yangu, alikuwa ameegemea ua wa matete, shingo imepita kama ya bata. Akasema kwa sauti ya kanisani kwamba ameona. Ameona kwa macho yake mawili.

Mana yanje, Mungu wangu! Japani!


Jumanne, tarehe 4 Machi

Sikulala vizuri. Nikifumba macho namwona Joséline anapanda ndege, ananipungia mkono, mlango unafungwa.

Mimi kuvuka nakujua. Nilivuka mpaka kwa miguu yangu nikiwa mtoto, nimeshika upindo wa kitenge cha mama. Tuliambiwa tutarudi kabla mtama haujaiva. Leo nina mvi mpaka kwenye nyusi. Wanangu wawili walikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Bado wanayatafuta, wanapiga simu Krismasi. Mama yake Joséline yuko kaburini. Amebaki huyu mmoja. Ndiye anayenisikia nikikohoa.

Asubuhi amefagia uwanja mara mbili huku anaimba. Akaniuliza kama kweli nimekunywa kwa moyo mmoja. Nikamwambia nimekunywa kwa koo moja. Akaanza kusema, nyogokuru (ndivyo anavyoniita, kama Warundi wote wanavyomwita bibi), naomba nikueleze kidogo kuhusu yeye. Nikapiga meza. Nikasema jina la huyo mtu lisitajwe ndani ya nyumba hii. Likitajwa nahamia kwa Vénérande. Akarudi kwenye ufagio wake. Anajua siwezi kukaa kwa Vénérande, lakini anajua pia nikishasema naenda, hata kama naumia.

Nikaenda barabarani kupeleleza. Abednego wa bodaboda ndiye redio yetu. Akasema bibi, umelala wapi, huyo ni staa! Akanionyesha kinga ya matope ya pikipiki yake: imechorwa Mjapani na mpira, ingawa uso ni kama wa Abednego mwenyewe. Akanionyesha kinyozi, amebandika karatasi inayosema Kiberenge ananyolewa hivi. Kule Mpanda mama mmoja amempa mtoto jina la Reji. Mtoto wa kike!

Nikarudi nimeishiwa nguvu. Mtu maarufu hivyo hakai Kabungu. Mtu maarufu anachukua kitu anachotaka na kwenda nacho kwao.

Lakini mimi siyo mjinga. Soda ikirudi kwa mwenyewe kama ilivyokuja, neno linafutika. Nimeliona likifanyika Mishamo. Tatizo, kreti lina upungufu. Mimi nilikunywa moja. Joséline moja. Vénérande mbili, eti ushahidi unakausha koo. Zilikuwa nyeusi zote. Dukani kwetu nyeusi hakuna, ziko za machungwa tu. Nikachomeka za machungwa. Kreti limekuwa na madoa kama mbuzi. Potelea mbali! Hesabu imetimia.

Abednego amelifunga nyuma ya pikipiki. Nimemwambia aseme neno moja tu: limerudi. Jioni hii nimekula vizuri.


Alhamisi, tarehe 6 Machi

Sili tena.

Abednego amekuja na makreti mawili. MAWILI. Na taulo juu yake, limekunjwa kama Biblia ya zawadi.

Nikamuuliza alisema nini kule. Akasema alisema limerudi, kama nilivyomtuma. Wachezaji wakadhani bibi yake Joséline amewatumia soda, wakazimaliza wamesimama. Mjapani akainama mpaka kiunoni, kama mtu anayetafuta sindano. Akasema asante sana, na kwao mtu akipewa kitu hapokei bure. Lazima arudishe, na kirudi kikubwa kuliko kilichokuja. Mama yake alimfundisha hivyo.

Kwao ni adabu. Kwetu hapa ni posa ya pili!

Vénérande alikuwa ameshafika kabla pikipiki haijazimwa. Akagusa taulo. Akasema laini. Akasema mwenzake ameukata, sasa nitaitwa mama mkwe wa ndege. Akaomba soda moja, ya pole. Nikamwambia pole ya nini, mimi nimefiwa? Akasema bado.

Hilo neno bado limekaa tumboni kama ugali mbichi.


Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimepata akili mpya. Makosa yangu ni kurudisha soda kwa soda. Soda inaita soda. Nitamlipa kwa kitu kingine ili deni life. Nimetuma jogoo wangu mwekundu, yule mwenye dharau. Nikamwelekeza Abednego aseme: haya ni malipo ya soda zote, tumemalizana. Nikamfanya arudie. Akarudia. Nikamfanya arudie tena kwa sauti ya ukali. Akarudia.

Jogoo akaondoka ananitazama. Nami nikamtazama. Hatukupendana lakini tuliheshimiana.


Jumapili, tarehe 9 Machi

Ametuma mbuzi.

Sikuweza hata kukaa chini. Tumetoka ibada, watu wote wako nje wanasalimiana, Abednego anaingia uwanja wa kanisa na mbuzi jike mbele yake kwenye tenki. Mbuzi amevaa jezi ya Viboko. Mgongoni imeandikwa REIJI, ndivyo kwao wanavyoliandika, na namba.

Abednego akapaza sauti, kwa ukali kama nilivyomfundisha, kwamba Mjapani anasema jogoo alikuwa mtamu sana, naye hawezi kumalizana na bibi kamwe.

Mbuzi! Mbuzi siyo soda jamani. Mbuzi ni mahari imeanza! Vénérande akapiga vigelegele, na akina mama wote wakapokea. Mchungaji akanipa mkono. Joséline akacheka mpaka akajificha nyuma ya kitenge, akasema hao vijana wana vituko. Vituko! Mtoto anauzwa anacheka.

Nimemfunga mbuzi nyuma ya jiko. Analia tangu alipofika. Jezi hataki kuvuliwa, anapiga kwato.

Naogopa. Niseme kweli. Mwanzo niliogopa kwa hasira, sasa naogopa kwa woga wenyewe. Abednego anasema Japani ardhi inatikisika watu wakiwa mezani, na hawaachi kula. Wanakula samaki mbichi. Joséline huyu, dagaa wa Tanganyika tu wakiwa hawajakauka vizuri anawaogopa! Nani atamwambia pole huko? Nani atajua kwamba akinyamaza sana ndiyo ameumia?

Na mimi. Nani atanichemshia maji?


Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mungu haniachi. Redio, ya kweli, siyo Abednego, imesema watu wa timu moja kubwa ya Dar es Salaam wanakuja Mpanda Jumamosi kuangalia mchezaji wa kumsajili. Hawakutaja nani. Nani mwingine? Kuna staa mmoja tu.

Hapo hapo nikaona njia. Wamnunue! Wamchukue Jumamosi hiyo hiyo, apande ndege na viatu vyake, kabla ya mahari kukamilika. Staa akifika Dar atazungukwa na wasichana wenye kucha ndefu, ndama wa Kabungu atamsahau. Sina haja ya kurudisha kitu. Safari hii namtuma yeye mwenyewe aende!

Kwa hiyo kuanzia leo mimi ni rafiki wa Mjapani. Lazima acheze kuliko siku zote za maisha yake. Nimemwambia Joséline nitakwenda kambini kupeleka chakula cha nguvu. Akanikumbatia mpaka mifupa ikalia. Akasema alijua tu moyo wangu utafunguka. Nikasema umefunguka, ndiyo, usiniminye.


Alhamisi, tarehe 13 Machi

Nimekwenda kambini. Mvua imeharibu barabara, tumeanguka mara moja kwenye tope, sufuria nimeishika, Abednego sikumshika. Maharage na ndizi, mafuta ya mawese, na chumvi ya kutosha. Chakula cha mtu anayelima heka.

Mjapani alipoona nashuka, akasimama kama askari. Akapokea bakuli kwa mikono miwili, vidole vinatetemeka. Nikajisemea ndiyo, tetemeka, mwizi wa watoto wewe.

Akala. Nikamwongeza. Akala. Akasema tosha bibi. Nikamtazama. Akala.

Nilitaka kujua ukubwa wa ustaa wake ili niusifie vizuri Jumamosi. Nikamuuliza kwao akipita barabarani watu wanafanyaje. Kiswahili chake ni cha wachezaji, kimejaa mambo vipi na freshi, lakini nimeelewa. Akasema kwao akipita barabarani, anapita tu. Hakuna anayegeuka. Baba yake ana duka dogo, wateja wanauliza yule kijana wako anafanya kazi gani, baba anasema yuko safarini. Hapa Mpanda anakwenda kununua sabuni na watoto wanamsindikiza wanaimba. Akasema mkataba wake unaisha mwezi wa tano. Akasema usiku anaogopa. Kurudi kwao na begi moja, kupita tu.

Ana umri wa Joséline. Ana kidevu kisicho na ndevu hata moja.

Nikataka kumhurumia. Nikamkumbuka mjukuu wangu aliyebaki mmoja. Nikaacha. Nikamwongeza maharage.

Audace alikuwa pembeni, ananiletea kiti, ananiletea maji ya kunawa, ananitengenezea kamba ya ndala. Msemaji hodari. Nikamwambia yeye kazi yake ameshamaliza, aache kujipendekeza. Akainamisha kichwa, akasema ndiyo bibi.


Jumamosi, tarehe 15 Machi

Nimechoka mpaka nywele. Naandika kwa mpangilio.

Kwanza, watu wa Dar. Wawili, miwani myeusi, viatu vyeupe kwenye tope la Mpanda. Nikawafuata kabla mpira haujaanza. Nikawaambia mimi ni bibi wa hapa, namjua Mjapani ndani nje. Nikawaambia kwao Japani yeye akipita maduka yanafungwa. Nikawaambia mfalme wao humpigia simu. Mungu anisamehe, lakini nilisema kwa uso mkavu.

Mmoja akafungua simu yake, akapekua. Akasema bibi, huyu kwao alikuwa anakaa benchi, timu ya daraja la chini. Halafu alikwenda nchi moja ya baridi huko Ulaya, akacheza kidogo kwenye theluji, wakamwacha. Halafu ndiyo hapa. Akacheka, akasema kwao hata kinyozi wake hamjui.

Bidhaa yangu hainunuliki! Nikamwambia ondoa hiyo simu, sikiliza kwa masikio uliyopewa. Uwanja mzima ulikuwa unaimba Kiberenge, Kiberenge, mpaka wauza karanga wanaimba. Nikasema unasikia? Au na hiyo nayo simu haijakuambia?

Akasema anasikia. Lakini hakuandika kitu.

Pili, kiti. Katibu wa timu, Mzee Thadei, mjane wa miaka mingi, mtu wa Kasansa, haongei sana, akaniletea kiti cha plastiki. Akakiweka nyuma ya goli la Audace. Mvua ikaanza, akasimama ananishikia mwavuli. Sikumwomba. Yeye mwenyewe alilowa bega lote.

Tatu, mpira. Mjapani hakimbii! Kiberenge amekuwa gari la mkaa. Anashika tumbo, anashika kiuno, mara moja ameomba ruhusa akakimbilia chooni, na hapo ndipo alipokimbia vizuri peke yake siku nzima. Watu wakaanza kunong'ona kwamba amelishwa kitu. Nikaangalia pembeni.

Nikaona njia imebaki moja. Mpira umfikie yeye, umfikie mara nyingi, hata kwa bahati atafunga. Na mpira unaanzia kwa nani? Kwa golikipa. Nikaanza kazi. Nikamgombeza Audace mpaka sauti ikakatika. Nikamwambia kamata, goigoi wewe! Mpe Mjapani! Usisinzie, mimi nakuona! Ukifungwa leo usije kwangu! Kila mpira ukija nasimama juu ya kiti. Audace akawa kama ana mashetani. Anaruka huku, anaruka kule, anaufuata mpira mpaka miguuni mwa watu. Kila akiudaka anageuka kunitazama, macho yamemtoka. Wapinzani wakapata penalti. Nikamwambia ukiuacha huo, mimi na wewe basi! Akauruka, akaupata kwa ncha za vidole, akabaki amelala kwenye tope ananitazama mimi, hatazami mpira.

Bila bila. Mjapani hakufunga. Nimeshindwa. Atabaki, na mahari itaendelea.

Nilipanda pikipiki ya Abednego nimefunika uso na kitenge. Mzee Thadei akaniambia safari njema. Neno pekee la siku nzima.


Jumapili, tarehe 16 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mchana amekuja Audace, amevaa shati la kanisani. Hakukaa kwenye benchi. Amepiga magoti mlangoni kwangu, na Joséline, mjukuu wangu, akapiga magoti pembeni yake. Karibu sana na yeye. Hapo nikaanza kusikia baridi.

Audace akasema asante bibi. Watu wa Dar wamemtaka. Siyo Mjapani. Yeye! Walisema hawajawahi kuona golikipa anayecheza kama anatetea roho yake. Akasema alikuwa anaitetea kweli. Kila nilivyopiga kelele alijua namjaribu, kuona kama ni mwanaume wa kumtunza Joséline. Akasema hakuna mzazi aliyewahi kusimama nyuma ya goli lake. Akalia. Mtu mrefu vile akilia anatisha.

Nikauliza kumtunza nani.

Wakatazamana.

Basi ikatoka yote. Mwenye kuoa ni Audace. Alikuwa Audace tangu siku ya kwanza. Hana baba, hana mjomba, hana wa kumsemea. Akaona amlete mtu mkubwa kuliko wote anaowajua, ili nisimdharau. Akamleta Reji awe msemaji wake. Joséline alimfundisha Mjapani maneno ya ndama na nyayo jikoni kambini, majuma mazima, huku anachambua mchele. Aliyashika yote. Halafu nikatokea mimi shambani na jembe begani, nikamwangalia, na maneno yakamkimbia. Akabaki anaangalia vidole. Ikabidi Audace ajisemee mwenyewe, jambo la aibu, na alikuwa anatafuta siku ya kuniomba radhi.

Nikamwambia Joséline kwa nini hukusema! Akasema nilikataza jina. Akasema aliogopa nitahamia kwa Vénérande kweli.

Na yale makreti, na taulo, na mbuzi? Audace akajikuna. Akasema Reji alidhani namtumia zawadi. Sasa anaomba kwa heshima zote, bibi asitume tena kitu chochote, mshahara umekwisha na hajui kinachofuata mbuzi ni nini.

Sikucheka. Wao walicheka.

Mimi nilikuwa nahesabu jambo lingine kimoyomoyo. Watu wa Dar wamemchukua Audace. Audace anamchukua Joséline. Na aliyesimama juu ya kiti kwenye mvua akipiga kelele mpaka achukuliwe ni nani? Ni mimi. Nimemsukuma mtoto wangu kwa mikono yangu hii miwili.

Joséline akanishika goti. Akasema Dar siyo mbali. Akasema atapiga simu. Nikamwambia kila anayeondoka anasema hivyo. Akasema yeye atapiga hata nisipotaka, atapiga mpaka nizime. Nikamwambia sijui kuzima.

Halafu nikaingia ndani nikakaa kitandani kidogo. Vumbi limeingia machoni.


Jumatano, tarehe 19 Machi

Viboko wamemwongeza Mjapani mwaka. Mashabiki waligoma kuondoka ofisini mpaka asaini. Kwao hajulikani, hapa ametiliwa saini kwa maandamano. Anampigia baba yake simu, anamwambia aseme kwa wateja: mwanangu ni Kiberenge.

Na amemtuma Abednego na ombi. Kambi ina mbu na kelele. Anaomba chumba cha Joséline kikiwa wazi. Awe karibu na maharage, kwa kiasi.

Nimemhangaikia aondoke, anahamia! Nimemwambia Abednego amjibu kwamba nitafikiria. Nimeshafua shuka. Kufua shuka siyo kukubali.


Jumamosi, tarehe 29 Machi

Leo wamekuja rasmi. Kumuomba Joséline kwa utaratibu, na wageni, na viti vya kukodi. Vénérande amekuja saa tatu kabla, amekaa mbele.

Nilishajifunza. Niliapa sitagusa kitu mpaka nijue nani ni nani. Nikakaa wima, mikono juu ya mapaja, macho wazi.

Wakaingia. Mbele Mjapani, suti imemzidi, maneno yote kichwani. Akasimama, akainama, akasema wamepotelewa na ndama, nyayo zimeishia hapa. Akasema bila kukosea hata moja. Watu wakapiga makofi, Joséline akajifuta machozi, nami nikiri, kifua kilijaa. Msemaji kamili.

Sasa. Msemaji ni huyo. Mwenye kuoa ni nani?

Nikaangalia mstari mzima. Audace? Audace anacheka, anaongea na kila mtu, anagawa viti, anapiga picha. Huyo siyo mwenye kuoa hata kidogo. Macho yangu yakaenda mpaka mwisho wa benchi.

Mzee Thadei.

Amekaa kimya. Anaangalia vidole vyake vya miguu. Jasho linamtoka. Shavu limevimba kidogo kwa mawazo. Na mbele ya miguu yake, peke yake, kreti la soda. Nyeusi.

Mwavuli! Kile kiti cha plastiki! Safari njema! Mambo yote yakajipanga. Siku zote hizo nilikuwa nachunga mtoto, kumbe ndama anayetafutwa ni mimi!

Nilimwita Joséline pembeni. Akasema nyogokuru jamani, Mzee Thadei amesimama kama baba wa Audace, na asubuhi alikwenda kung'olewa jino, ndiyo maana haongei. Jino! Mimi siyo wa jana. Jino gani linamfanya mtu aangalie chini namna ile?

Umri huu nipelekwe Kasansa? Niache shamba langu, Mjapani wangu ambaye hajui hata kuwasha mkaa, na mbuzi? Naogopa. Kesho alfajiri Abednego analirudisha kreti. Nimeshampa maneno: limerudi. Akikataa kuelewa, jogoo mwingine yupo.

Tatizo ni moja tu. Ilikuwa jua kali, na hotuba za wazee zilikuwa ndefu, na Vénérande alikuwa ananitazama.

Upungufu ni chupa tatu. Hii ya nne nimalizie tu, imeshafunguliwa.